Mkono wa Swedi Haupigi Hodi

Nilipotoka eda nikarudi ofisini, nilimkuta mume wangu bado yuko kazini.

Nieleze vizuri, maana wapo waliokwisha kusema kwamba nimechanganyikiwa. Swedi tulimzika kwao Kondoa, na eda yangu yote nikaikaa ndani kwa mama mkwe, sikugusa mashine wala sikuuliza habari za kazi. Asubuhi niliyorudi, jengo letu, yaani mchoro wa hospitali tunayoisanifu, lilipowashwa juu ya meza ya mwanga, niliona katika bawa la wazazi mstari wa rangi ya zabibu unatembea. Unakwenda, unasimama, unarudi nyuma kidogo, kisha unaendelea. Katika ofisi yetu kila mtu ana rangi yake, na zabibu ilikuwa ya Swedi. Aliichagua siku ya kwanza ya ajira, akasema amehamia Dodoma na hataki kuonekana mgeni.

Niliketi. Nyamizi, msanifu mwenzangu ambaye meza yake inatazamana na yangu, akainuka akaja kunishika bega.

"Dada Mwaju, tulitaka kukuambia kabla hujakaa," alisema. "Tukashindwa nani aseme."

"Hakuna aliyeuzima huo mkono wake mle ndani ya mashine?"

"Hauzimiki hivi hivi. Umeshika bawa zima. Ukiuzima kwa nguvu, bawa linaondoka nao."

Nikautazama mstari ule ukizunguka dirisha, ukilipandisha kidogo, ukilishusha palepale lilipokuwa. Hivyo ndivyo Swedi alivyokuwa na madirisha. Nilimcheka kwa ajili hiyo miaka mingi. Asubuhi ile sikucheka, nililia mbele ya watu kama mtoto, na Nyamizi akasimama kati yangu na ukumbi ili wasinione.

*

Mtu ambaye hajafanya kazi katika ofisi kubwa ya usanifu anadhani sisi tunachora. Sisi tunasubiriana.

Tuko watu mia nne, na jengo ni moja. Programu tunayotumia inaitwa Msonge, imetengenezwa na vijana wa hapahapa, na jengo zima linakaa humo mahali pamoja tunapopaita kwa Mama. Asubuhi kila mtu anachukua kipande chake kutoka kwa Mama, jioni anakirudisha. Kipande ulichokishika, wengine wanakiona tu, hawakigusi. Wakikitaka, wanapiga hodi, na wewe ukijibu karibu, kinahamia kwao. Waliotengeneza Msonge walijivunia sana jambo hilo. Wakaongeza na adabu zetu: hodi ni tatu, usipojibiwa unaondoka, hupigi ya nne mpaka kesho yake.

Maneno matamu hayo, mpaka uwe na watu mia nne. Watu walishika vyumba wakaenda kula. Wakashika sakafu wakaenda likizo. Kuna fundi wa umeme aliyekwenda kuoa Sumbawanga akiwa ameshika ngazi zote za mnara, na sisi tukabaki tunapiga hodi kwa bwana harusi. Kila mwaka watengenezaji walifungua Sanduku la Maombi, nasi tukaomba kama watu wanaoomba mvua. Tuliomba Msonge usinune jioni watu wote wanaporudisha kazi kwa pamoja. Tuliomba ukisogeza ukuta, mlango usihamie chumba cha jirani. Zaidi ya yote tuliomba dawa ya watu wanaoondoka bila kuachia.

Wakatuletea mikono. Mkono ni kivuli chako ndani ya Msonge. Unakutazama ukifanya kazi mpaka unakujua, kisha ukiinuka kitini unaendelea na zile kazi ndogo ndogo na kukujibia hodi, vilevile ambavyo wewe ungejibu. Kitu kimoja tu waliukataza: mkono hujibu hodi, haupigi. Katika majaribio mikono ilipigiana hodi yenyewe kwa yenyewe kwa kasi ya ajabu mpaka jengo likaganda, ndipo wakaamua kwamba hodi ipigwe na mtu aliye hai, aliyeketi kitini pake. Na mkono ukiachia kila ulichoshika, unafungwa, mpaka mwenyewe arudi aufungue.

Katika maombi yote yale, hakuna aliyekumbuka kuomba lifikiriwe jambo la mtu kufa.

*

Mkuu wa mradi wetu ni Mbonea, Mpare mtaratibu ambaye hapandishi sauti hata akikuvunjia moyo. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanimiminia maji ambayo sikuyaomba.

"Mwajabu, pole tena," alisema. "Nisingekuita mapema hivi. Mashine za kumimina zege zinafika kiwanjani Jumatatu."

"Nimesikia."

"Zinasoma moja kwa moja kwa Mama. Kipande kilichoshikwa na mtu hazikigusi. Watu wangu wamempigia Swedi hodi miezi yote hii, anajibu neno lilelile."

"Subiri kidogo."

"Subiri kidogo," aliitikia.

Hata alipokuwa hai hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Ofisini walikuwa na msemo kwamba ukitaka chumba cha Swedi, piga hodi kabla hujazaliwa. Alikuwa haachii kitu mpaka aridhike nacho, na kuridhika kwake kulikuwa mbali. Lakini mimi nilikuwa napiga mara moja tu. Kabla sijaondoa kidole, jibu limefika, na halikuwa karibu tupu. Aliandika, "Karibu, mwenye nyumba." Ofisi nzima ilijua. Walitutania, nami nilijifanya naona haya.

"Nikivunja mlango," Mbonea aliendelea, "tunapoteza kila alichofanya tangu aliporudisha kazi mara ya mwisho, pamoja na mabomba na nyaya za watu thelathini zilizoegemea kuta zake. Tutaanza upya, na mashine zitaondoka kwenda mradi mwingine. Wewe ukipiga hodi, atakufungulia."

"Najua atanifungulia."

"Basi?"

"Akinifungulia hana tena alichoshika. Mkono utafungwa, na mwenyewe harudi kuufungua. Mzee Mbonea, wewe una mke. Nikikwambia umzike mara ya pili kwa sababu Jumatatu kuna zege, utanijibuje?"

Aliizungusha bilauri yake ya maji mezani. Nilitaka anikasirikie ili na mimi nimkasirikie.

"Sijui nitakujibuje," alisema. "Kweli sijui. Nakuomba ufikiri tu."

Nilitoka bila kunywa yale maji.

*

Alhamisi mama mkwe akaja kutoka Kondoa bila kunipigia simu. Nilimkuta mapokezi ameketi wima, mkoba magotini, anatazama lifti kwa mashaka. Bi Ashura hajawahi kuipenda Dodoma, anasema upepo wake unamfuata mtu mpaka ndani ya sikio.

"Nimesikia mwanangu anaonekana," alisema.

Ni mimi niliyemwambia. Nilimwambia kwa sababu sikuwa na mwingine wa kulia naye. Nikampandisha juu, nikamwonyesha kiti cha Swedi, akakataa kukikalia. Akasimama kando ya meza ya mwanga, ameshika pindo la khanga, akainama. Watu wazima walijifanya wana kazi.

"Yuko wapi?"

"Ule mstari wa zabibu, mama. Ule unaokwenda pale mlangoni."

Aliutazama muda mrefu. Mstari ulikuwa katika korido, nje ya chumba cha kujifungulia, unachora kitu chembamba chenye miguu minne.

"Anatengeneza nini?"

"Benchi."

"Mpe salamu zangu."

"Hasikii, mama. Si yeye, ni mkono tu."

"Hata alipokuwa mzima, akishaanza kazi alikuwa hasikii," alisema, na akatabasamu kidogo, na tabasamu lile likanichoma kuliko machozi.

Nilipomsindikiza chini aliniomba tukae kidogo barazani. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama kiganja changu kana kwamba ndicho anachozungumza nacho.

"Mwajabu, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu tangu uolewe kwetu."

"Kweli, mama."

"Nasikia wanataka umtoe. Usimtoe. Mimi nimezaa watoto sita, wanne wako ardhini. Kwa hawa wengine nina kaburi tu, na kaburi halisogei. Huyu mmoja nimeona anasogea. Mwache afanye kazi yake, hamsumbui mtu."

Anasumbua watu mia nne, nilitaka kusema, na wanawake ambao hata siwajui. Nilimwambia tu, "Nimesikia, mama," na yeye akaichukua kauli hiyo kuwa ni ahadi. Nami sikuisahihisha.

*

Lile benchi lilikuwa kichekesho cha ofisi. Nyamizi alikuwa amekwisha kuwaandikia watengenezaji wa Msonge kwamba kuna benchi linafufuka. Kila asubuhi mkono ulilichora nje ya chumba cha kujifungulia. Kila jioni yule tunayemwita Mkaguzi, yaani sehemu ya Msonge inayopima kila kitu kwa sheria za ujenzi, alilikataa, kwa sababu katika korido ile lazima vitanda viwili vipishane. Mkono ukalifuta. Kesho yake ukalichora tena.

Mimi sikuona kichekesho. Mimi nilijua benchi lile lilitoka wapi.

Mtoto wetu wa kike aliishi kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Swedi alikuwa nje koridoni na chupa ya chai na khanga mpya, amesimama, maana hapakuwa na pa kukaa, palikuwa na ndoo ya kudekia na ukuta. Muuguzi akatoka akamwambia. Alibaki amesimama palepale na chupa yake mkononi, vitanda vinapita, watu wanamwambia samahani bwana tupishe, naye anapisha. Hakuna aliyemkosea. Muuguzi mwenyewe alirudi baadaye akaitoa ile chupa vidoleni mwake polepole. Mwaka mzima hakulizungumza jambo hilo, halafu siku moja, tunapepeta mchele, akasema, "Mwaju, mtu akipewa habari kama ile, apewe na pa kukaa." Tukaendelea kupepeta.

Ndiyo maana alipigania kupewa bawa la wazazi. Wengine walitaka mnara.

*

Ijumaa Mbonea alinipakia kwenye gari la ofisi, akanipeleka kiwanjani. Hospitali ya zamani imekwisha kubomolewa, na wazazi wamehamishiwa kwenye mahema meupe pembeni ya uzio, ambayo yalikusudiwa kuwa ya miezi mitatu. Upepo ulikuwa unayapiga kwa vumbi jekundu. Wanawake wenye matumbo makubwa waliketi juu ya matofali kwenye kivuli cha tangi la maji, khanga zimefunika pua.

Nje ya hema la mwisho alisimama mwanamume mmoja na beseni na chupa ya chai. Kijana, shati limechomekwa vizuri kana kwamba anakwenda kwenye usaili. Nilitaka kumtazama mtu mwingine, nikashindwa. Turubai likafunuliwa, muuguzi akatoa kichwa, akamwambia maneno machache. Sikuyasikia. Yule kijana akaanza kucheka, habari zilikuwa njema, na bado miguu ikamkataa. Akatazama kulia na kushoto akitafuta pa kukaa, hakupaona, akaishika kamba ya hema, akaning'inia hapo anacheka huku machozi yanamtoka.

"Sikukuleta nikulazimishe," Mbonea alisema tuliporudi garini.

"Umenileta nione."

"Ndiyo. Nimekuleta uone."

Walau hakunidanganya.

Sikutaka kurudi nyumbani. Nilipanda juu nikakaa mbele ya meza ya mwanga, wenzangu wanakula chakula cha mchana, nikamtazama mume wangu. Nasema mume wangu, nanyi mnielewe. Benchi lilikuwa tayari limechorwa. Mkono ukaliacha, ukavuka mpaka ukuta wa nyuma yake, ule unaotenganisha korido na stoo ya mashuka. Ukaugusa. Ukasimama. Mstari wa zabibu ukabaki umegusa ukuta ule, hauendi mbele, haurudi, mpaka watu walipokaribia kumaliza kula, na bado ulikuwa palepale.

Siku zote nilizoutazama nilidhani anafikiri. Nilipenda kudhani hivyo. Safari hii nilitazama rangi ya ule ukuta. Ilikuwa kijani, rangi ya Nyamizi.

"Nyamizi," nilisema. "Stoo ya mashuka ni yako?"

"Ni yangu, dada. Tangu mwanzo."

"Swedi aliwahi kukuomba huo ukuta?"

Aliweka kijiko chini. "Alikuwa aniombe. Ijumaa ile jioni, tunashuka ngazi, aliniambia kuna jambo dogo sana, Jumatatu atanipigia hodi. Nikamwambia mbona leo una adabu. Jumatatu ndiyo tulikuwa njiani kuja Kondoa kwenye maziko."

Tulitazamana. Sikuhitaji kumweleza, yeye naye anaujua Msonge. Ukuta ule ukisogezwa kuingia stoo kwa urefu wa mkono wa mtu, benchi linapata kishubaka chake, korido inabaki na upana wake, Mkaguzi hana neno. Swedi alikwisha kuliona jibu. Kilichobaki kilikuwa kupiga hodi.

Na mkono haupigi hodi.

Angekuwa yeye, angeinuka. Angekuja na vikombe viwili vya chai, chake na cha Nyamizi, akiegemea meza ya mtu mpaka makaratasi yadondoke, akisema samahani jirani, niazime ukuta. Hii kazi ya kuinuka na kumwendea mtu haipiti katika vidole, kwa hiyo mkono haukujifunza. Ulijifunza kusubiri tu. Mimi nilikaa nikijiambia kwamba nimembakizia mume wangu kazi aliyoipenda, kumbe nimemrudisha koridoni, amesimama, anamsubiri mtu asiyekuja. Nilimsimamisha huko mimi, kwa mapenzi yangu.

Nyamizi alikuwa analia waziwazi. "Mimi naweza kumwachia ukuta," alisema. "Nikiuachia tu bila hodi, si atauchukua?"

"Mkono hauchukui kipya. Unashika kilichoshikwa."

"Basi nini?"

Nilikuwa nafikiria kiganja changu katika mikono ya mama mkwe. Nilijua nitalivunja ombi lake, la kwanza na la pekee, na kwamba hata nikimweleza habari za ukuta na stoo atasikia neno moja tu, kwamba nimemtoa. Nilijua pia kwamba nikitoka pale nikaenda nyumbani kulala kwanza, kesho nitakuwa nimepata sababu nyingine ya kungoja. Mimi ni hodari wa sababu.

Nikavuta kiti. Nikaligusa bawa la wazazi. Nikapiga hodi.

Sikuwahi hata kuondoa kidole. Jibu lilifika vilevile lilivyokuwa likifika, upesi, kama mtu aliyekuwa nyuma ya mlango.

"Karibu, mwenye nyumba."

Rangi ya zabibu ikaondoka. Haikufifia wala haikufanya maajabu, iliondoka tu, kwanza madirishani, kisha kuta, kisha koridoni, na mahali pake pakaingia rangi yangu ya udongo. Pembeni, mahali panapoorodheshwa walioko kazini, majina yaliyokuwa chini ya lake yakapanda juu kuziba pengo. Hilo ndilo lililonivunja. Nililia kilio ambacho sikukilia Kondoa, maana kule palikuwa na watu wa kuniambia nisubiri, nistahimili, nimshukuru Mungu. Hapa hakuna aliyeniambia kitu. Walisimama wote, watu wa ukumbi mzima, vijiko mikononi, na hakuna aliyerudi kuketi mpaka niliponyamaza.

Kisha nikampigia Nyamizi hodi, kwa kuandika, ingawa alikuwa amekaa mbele yangu. Naye hakuandika. Aliitikia kwa mdomo.

"Karibu, dada."

Ukuta wa stoo ukageuka wa udongo. Nikausogeza urefu wa mkono. Stoo ikapoteza rafu moja ya mashuka, na benchi likaingia kishubakani kana kwamba lilikuwa la hapo siku zote. Nililirefusha kidogo, ili anayeshindwa kukaa aweze kujilaza. Nikaweka na kibao kidogo pembeni, kiasi cha kusimamisha chupa ya chai. Hicho Swedi hakukichora, ni changu. Nikamwita Mkaguzi. Akapima, akapita, hakusema kitu.

Hodi ikaingia. Ilikuwa ya Mbonea, kutoka ofisini kwake. Alikuwa ameona rangi imebadilika, anataka bawa alirudishe kwa Mama. Nilikuwa na neno moja la kuandika. Vidole vikaandika mengine.

"Subiri kidogo."

Hakupiga ya pili.

Nikatoka kwenda ngazini, nikampigia mama mkwe simu. Ilipokelewa upesi. Nyuma yake kulikuwa na kuku na mtoto wa jirani anayesoma alifu kwa sauti.

"Mama."

"Umemtoa," alisema.

"Nimemtoa, mama."

Nilimsikia akiketi. Yule mtoto akaambiwa anyamaze. Nilingoja matusi, nilikuwa nimejiandaa kuyapokea.

"Alikataa?"

"Hakukataa. Alisema karibu."

"Alisema karibu," alirudia. Akavuta pumzi, na sauti yake ilipokuja tena ilikuwa imepungua. "Mimi nisingemtoa, Mwajabu. Nakwambia kweli yangu. Ningekuwa wewe nisingemtoa."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Nitaangalia." Kuku wakapiga kelele, akawafukuza, akarudi. "Na lile benchi lake?"

"Limebaki. Linajengwa Jumatatu."

"Watu watakaa?"

"Watakaa, mama."

"Haya," alisema. "Alhamisi uje tumsomee. Uje na sukari, huku imeadimika."

Akakata. Nilisimama ngazini mpaka uso ulipokauka, kisha nikarudi mezani. Nyamizi alikuwa ameniwekea chai. Hodi ya Mbonea ilikuwa bado ipo, peke yake, inangoja.

Nikaandika karibu.